Mita Elfu Tatu za Papa Anselme

Tulimzika Papa Anselme, kocha wetu, Jumamosi, na baada ya misa tukaenda kula katika ukumbi mmoja kule Koekelberg, Brussels. Watu walijaa hata wengine wakala wamesimama, sahani mkononi. Waliocheza mpira chini yake walichukua upande mzima wa madirisha. Sisi tuliokimbia tulikuwa wachache, meza moja ikatutosha. Kila mtu aliombwa aseme neno, na zamu yangu ilipofika watu walianza kucheka kabla sijafungua mdomo, kwa sababu walijua nitasimulia ile ya mita elfu tatu. Nikaisimulia kwa dakika tano, wakacheka wanapopaswa kucheka, nikakaa nikamalizia samaki wangu. Lakini ndani ya metro, nikirudi nyumbani, niliona kwamba nimemdhulumu marehemu. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiisimulia hadithi ile ikiwa imekatwa kichwa na miguu. Sijawahi kusema nilifikaje kwenye ule uwanja, wala nilisikia nini jikoni kwake, wala yeye aliniambia nini pale kwenye kona. Hii hapa ndiyo nzima.

Nilikuja Brussels nikiwa msichana wa miaka ishirini na mbili, kusomea kazi ya maabara, na Kifaransa changu kilikuwa maneno matatu: bonjour, merci, na oui, yaani ndiyo. Non nililijua pia, lakini niliona si neno la mgeni. Siku ya kuomba chumba chuoni, mama mmoja mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, aliniuliza maswali kutoka kwenye fomu. Nilikaa wima, mikono mapajani, kama tulivyofundishwa shuleni Moshi, nikajibu oui kwa kila swali. Huenda nilikubali kwamba nina watoto. Swali moja lilikuwa na neno sportive, nami nikadhani ananiuliza kama mimi ni mtu mchangamfu. Oui. Yule mama akanyanyua uso, akanitazama vizuri, akauliza natoka wapi. Tanzania, nikasema. Akaandika kitu, akanipa ufunguo, akanipa na tabasamu ambalo wenzangu kwenye foleni hawakupewa.

Ufunguo ulikuwa wa nyumba ya wanamichezo, hiyo ndiyo maana ya sportive, nyuma ya bwawa la Flagey, nyumba ya zamani yenye ngazi za mbao na harufu ya dawa ya kuchua misuli. Chumba changu kilikuwa ghorofa ya tatu. Kilikuwa na dirisha refu kuliko mimi, meza ya kusomea, na chombo cha kupasha joto ambacho kilifanya kazi kweli. Waliowahi kuishi baridi ya kwanza Ulaya wanajua maana yake. Nilikipenda chumba kile kwa namna ambayo sijapenda nyumba nyingine yoyote, hata hii niliyoinunua. Jiko tulishirikiana na msichana wa chumba cha pili, Furaha, mzaliwa wa Bukavu, golikipa wa timu ya wanawake, mwenye mikono mikubwa na sauti ya kuita watu waliovuka barabara. Yeye ndiye aliyenieleza, jioni ya kwanza, huku akikaanga ndizi, kwamba nyumba hii haipewi mtu hivihivi. "Weye unakimbia nini?" akaniuliza. Nikamwambia sikimbii. Akacheka mpaka ndizi ikaungua. "Alors nyamaza," akasema. "Usiseme kwa muntu."

Jumanne Papa Anselme akagonga mlango. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, mfupi, kifua kimejaa, amevaa suti ya michezo ya bluu iliyopigwa pasi hadi ikawa na mikunjo miwili mbele kama suruali ya ofisini. Shingoni alining'iniza filimbi na saa ya kupimia muda. Alikuwa kocha wa mpira na kocha wa riadha kwa pamoja, kwa sababu chuo kiliona mtu mmoja anatosha. Alinitazama kuanzia raba zangu za sokoni mpaka kichwani, bila haraka.

"Njo weye Tanzanie?"

"Shikamoo," nikasema. "Ndiyo mimi."

Aliifikiria ile shikamoo. Kwao Lubumbashi haikuwa na matumizi. "Bon," akasema. "Tanzanie iko pembeni ya Kenya?"

"Ndiyo, tumepakana."

"Donc utafanya trois mille."

Hivyo ndivyo nilivyopangiwa mbio zangu, mita elfu tatu. Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli pale mlangoni. Nyuma yangu chombo cha joto kilikuwa kinanguruma taratibu kama paka. Nikasema oui.

Mazoezi yalikuwa Jumanne na Alhamisi, na mwaka mzima sikuwahi kuyazoea. Watu wa riadha tulikuwa sita, na watatu kati yetu walikuwa wachezaji wa mpira waliobembelezwa. Papa Anselme alitufundisha kwa Kifaransa, kisha akinifundisha mimi tena kwa Kiswahili chake, nami nilikielewa nusu. Aliposema "ongeza mukazo", yaani nguvu, nilidhani kuna kifaa ninachotakiwa kuongeza, nikawa nakitafuta kwenye nyasi. Furaha aliwekwa kwenye mbio za kupokezana vijiti, na hapo ndipo nilipojua kwamba kazi ya mtu humkaa mwilini. Kila alipopokea kijiti alikikumbatia kifuani kwa mikono miwili na kuinama, kama golikipa aliyedaka mpira wa hatari. Papa Anselme alimweleza mara ishirini kwamba hakuna anayekuja kumnyang'anya. "Najua, tonton," Furaha alijibu, kwa uchungu wa kweli. "Lakini mikono haijui." Mimi nilikuwa nakimbia mizunguko miwili, natembea mmoja, nasimama kufunga kamba za viatu ambazo hazikufunguka. Papa Anselme alinitazama, akabonyeza saa yake, akaandika kwenye daftari. Nilidhani anaandika muda. Nilifikiri huyu mzee ni mpole au hajui kazi yake, na kwa ubaya wa roho nikaomba iwe hiyo ya pili, maana kocha asiyejua kazi hawezi kunigundua.

Leo nikifikiria, nashangaa jinsi kijana anavyoweza kuishi miezi saba ndani ya uongo mmoja na bado akala na kulala. Sikulala vizuri sana, lakini nilikula. Jumapili Papa Anselme na mkewe, Maman Odette, waliwakaribisha nyumbani kwao Koekelberg wale wasiokuwa na jamaa mjini. Ilikuwa nyumba ya ghorofa ya nne, na kutoka dirisha la sebuleni ulikuwa unaona kuba la kijani la Basilika limekaa juu ya mapaa. Maman Odette alipika bukari, ambayo kwetu ni ugali, sombe, yaani kisamvu cha mafuta ya mawese, na samaki aliowanunua mtaa wa Matonge Jumamosi baada ya kubishana na wauzaji watatu. Alikuwa mwanamke mrefu kuliko mumewe, mtulivu, na alikuwa na desturi ya kukuongezea chakula wakati unaeleza kwamba umeshiba. Wachezaji wa mpira walikaa sebuleni wakibishana kuhusu penalti ya wiki iliyopita. Mimi nilipenda kukaa karibu na jiko.

Jumapili moja ya mwezi wa tatu nilibeba sahani chafu kuzipeleka jikoni, nikasikia jina langu kabla sijafika mlangoni. Nikasimama kwenye korido, katikati ya makoti ya watu.

"Directrice wa chuo amesema nini?" Maman Odette aliuliza.

"Amesema clairement," alijibu Papa Anselme. "Ku mashindano ya mwezi wa tano, kama hatuko na muntu wa kumaliza kila mbio ya banamuke, athlétisme inafungwa. Nyumba ya Flagey inarudia kwa chuo. Mpira banapatia kocha mwingine, na miye minarudia ku dépôt, kuhesabu mipira."

"Na ya trois mille, njo huyu mutoto wa Tanzanie?"

"Njo yeye."

"Anselme. Ule mutoto hawezi kukimbia. Akipanda escalier za hapa, anapumua sawa locomotive."

"Najua."

"Unajua tangu wakati gani?"

"Tangu siku ya kwanza. Asubui nilimuona ku Flagey anafukuza bus. Chauffeur alimuona, akamungojea. Akangoja, akangoja. Mwisho akachoka, akaenda."

Maman Odette alicheka kwa muda mrefu, kicheko cha chini cha mtu anayejizuia wageni wasisikie. Kisha akauliza, "Sasa juu ya nini unamubakisha?"

"Juu anakuyaka, kila siku anakuya," alisema Papa Anselme. "Wale wa mbio banakosa kila wakati, leo mvua, kesho examen. Huyu hakosi. Atamaliza."

"Atafika wa ngapi?"

"Sikusema atafika wa ngapi. Nilisema atamaliza."

Nilibaki kati ya yale makoti na sahani zangu, masikio yanawaka. Nilikuwa nimejiandaa kugunduliwa. Sikuwa nimejiandaa kuwa nimegunduliwa zamani, tena na dereva wa basi. Nikazirudisha sahani mezani kimyakimya. Maman Odette alipotoka aliniongezea sombe. Kuanzia Jumanne ile nilikimbia kweli. Sisemi nilikimbia vizuri. Nilimaliza mizunguko minne bila kufunga kamba za viatu, kisha mitano, na siku moja ya mvua nikafika sita, nikatapika kwenye ua wa uwanja, na Papa Anselme akaandika kwenye daftari lake. Hakuniambia kwamba anajua, nami sikumwambia kwamba nimesikia. Tulisalimiana kwa heshima kubwa.

Mashindano yalifanyika Jumamosi ya jua, kwenye uwanja wenye njia nyekundu nje kidogo ya mji. Directrice alikuja mwenyewe, amevaa koti jeupe la sherehe, akakaa safu ya mbele na karatasi ya ratiba na kalamu. Kila mbio ikiisha aliweka alama. Mbio fupi zote zikapata mtu wa kumaliza. Kwenye kupokezana vijiti Furaha alikimbia mkondo wa tatu akiwa amekumbatia kijiti, na dada wa mkondo wa nne ilibidi akichomoe kifuani kwake, lakini walifika. Ikabaki yangu.

Tulipanga mstari wasichana kumi na mmoja. Wale kumi walikuwa na miguu kama ya korongo na viatu vyenye misumari. Nilipoona wananiangalia nikagundua, kwa hofu, kwamba wananiogopa. Mwandikishaji alikuwa amesoma nchi yangu kwa sauti. Aliyekuwa kando yangu, msichana wa rangi ya maziwa mwenye nywele za kusuka, aliniambia jambo kwa Kiholanzi. Baadaye niliambiwa alikuwa ananitakia heri na kuomba nisiende kasi sana. Nilimtimizia.

Mizunguko ni saba na nusu. Baada ya mmoja na nusu walikuwa wameniacha, na kabla sijamaliza mzunguko wa tatu yule wa mbele alinipita tena, na alipopita alinitazama kwa mshangao, kama mtu aliyemkuta balozi jikoni. Watu walidhani ni mbinu. Nilisikia mwanamume mmoja jukwaani akimweleza mwenzake kwamba hawa huanza taratibu. Mzunguko wa tatu ulipokuwa unaisha kifua kilianza kuuma na niliona njia ya kutokea, lango dogo la chuma lililoachwa wazi, na nyuma yake miti na kivuli. Nikaamua kwamba nikifika pale nitatoka. Kwenye kona kabla ya lango alikuwa amesimama Papa Anselme, nje ya kamba, mikono nyuma, na ile suti yake ya mikunjo. Nilidhani atapiga kelele. Akaongea kwa sauti ya kawaida, kana kwamba tumekaa sebuleni kwake.

"Tanzanie, unajua ginsi nilifikaka huku Belgique? Bananileta juu ya cassette. Président wa club moja aliona cassette ya muntu anacheza mpira Lubumbashi, ailier, winga, mbio sawa moto. Akasema, ule, muniletee."

Nilikuwa nimeshampita. Sikuweza kusikia zaidi, na lango likawa limenipita pia. Nikajiambia nitatoka mzunguko ujao.

Mzunguko uliofuata alikuwa palepale. "Ule mu cassette haikuwa miye," alisema. "Ilikuwa Anselme mwingine. Jina moja, club moja. Yeye mushambuliaji, miye beki. Bananiletea billet ya ndege, nikasema, bon, pengine banataka beki."

Nilitaka kumuuliza wakajua lini, lakini sikuwa na pumzi ya kuuliza. Ilibidi nizunguke. Huku nyuma wale kumi walianza kufika mwisho, nikasikia makofi, kisha uwanja ukanyamaza, nikabaki peke yangu na sauti ya raba zangu. Wanaume wawili wakatoka na toroli la viunzi kwa ajili ya mbio zinazofuata na kuanza kuvipanga. Nilipofika nikasema pardon. Wakasogeza kimoja. Mmoja akaniambia merci, sijui kwa nini.

"Match ya kwanza," alisema Papa Anselme, "batu benyi, président ameleta bibi yake. Minute ya kumi, nikapiga but. Kubwa, ya kichwa."

Nikazunguka na lile goli lake. Nilifurahi kwa ajili yake. Nakumbuka niliwaza kwamba basi mambo yalimnyookea. Mwamuzi mwenye kofia alikuwa amemfuata kwenye kona, akimwambia kwa Kifaransa kwamba ni marufuku kumsaidia mkimbiaji. Nilimsikia Papa Anselme akimjibu kwa adabu kwamba hamsaidii mtu, anasimulia mambo ya familia. Kisha akanigeukia.

"But ilikuwa kwetu," akasema. "Nilimufunga gardien wetu."

Nilicheka, na kucheka wakati wa kukimbia kunauma upande wa kushoto kama kisu. Nilikuwa na mzunguko mmoja na nusu bado. Jukwaani watu walikuwa wamesimama, sijui lini, na Furaha alikuwa anaita jina langu kwa ile sauti ya kuvuka barabara. Directrice alikuwa ameweka kalamu chini. Nilikwenda mwendo ambao mtu anayetembea haraka angenipita, lakini sikutembea. Hilo niko tayari kuliapia popote.

Kwenye kona, mara ya mwisho, Papa Anselme hakusimama. Alitembea kando yangu, ng'ambo ya kamba, na kutembea kulimtosha.

"Nyuma ya match président alikuya ku vestiaire, tuko tunavua viatu," alisema. "Akaniangalia vile. Akaniuliza: Ni weye, Anselme wa mu cassette? Nilikuwa na valise moja, na bibi yangu, Odette, alikuwa anangojea barua. Unajua nilijibu nini?"

Nilitikisa kichwa.

"Nilijibu oui. Miaka makumi tatu sasa. Enda umalize."

Nikamaliza. Mwamuzi mwenye kofia alinishika mkono nisianguke, Directrice akaweka alama kwenye karatasi yake, na wale wanaume wa viunzi wakapiga makofi wakiwa wameshika viunzi.

Jioni kabla jua halijazama mimi na Papa Anselme tulikula chipsi pale Flagey, tumekaa kwenye ukingo wa bwawa, miguu yangu imenyooshwa mbele kama mali ya mtu mwingine. Nikamwambia yote: fomu, yule mama wa miwani mbili, sportive. Alisikiliza huku akichagua chipsi zilizokauka. Nikamuuliza kama inabidi nirudishe chumba. "Mu formulaire banaandika unakimbia," akasema. "Leo batu bote banaona unakimbia. Donc ni kweli." Kisha nikamuuliza riadha aliijulia wapi, kwa kuwa yeye alikuwa mtu wa mpira. Akaniambia kwamba ile klabu ilimwacha baada ya miezi mitatu, akapata kazi kwenye stoo ya vifaa ya chuo, na siku moja mwalimu wa riadha akaacha kazi ghafla. Mkurugenzi wa wakati huo akashuka stoo akauliza kama kuna mtu anaijua riadha.

"Ukasema nini, Papa?"

Akanitazama tu, akaendelea kula. Alijifunza kuruka viunzi kutoka kwenye kitabu cha Kiholanzi, kwa kufuata picha.

Riadha ilibaki. Ilidumu miaka mingine minane, na nyumba ya Flagey ikadumu nayo, nami niliishi chumba kile mpaka nilipohitimu. Mwaka uliofuata nilikimbia tena nikawa wa kumi kati ya kumi na mmoja; wa kumi na moja alikuwa ameteguka kifundo cha mguu. Baada ya hapo wakapatikana wakimbiaji wa kweli, wawili wao wazuri sana, nami nikapewa ile saa na daftari, kazi niliyoifanya vizuri kuliko kukimbia. Siku nilipolifungua daftari kwa mara ya kwanza nikatafuta kurasa za mwaka wangu. Hakukuwa na muda hata mmoja. Kila Jumanne na kila Alhamisi, mbele ya jina langu, alikuwa ameandika neno moja, amekuya.

Alipostaafu chuo kilimfanyia sherehe, wakampa picha kubwa yenye fremu ya dhahabu: wasichana sita wenye medali shingoni, wanacheka. Maman Odette aliitazama, akamtazama mumewe. Hakuna hata mmoja aliyewajua wale wasichana. Mtu wa ofisini alikuwa amechukua picha ya chuo kingine. Mwana wa Papa Anselme alitaka wairudishe, mwenyewe akakataa, akasema wale waliompa wataona haya. Akaitundika sebuleni, kando ya dirisha la Basilika, na kila mgeni aliyeuliza alimtajia wasichana wote sita kwa majina, majina yetu. Furaha alipewa mmoja mfupi mwenye nywele nyekundu.

Jumamosi ile ya mazishi walikuwa wameileta ukumbini na kuiweka mezani, kati ya maua na mshumaa. Watu walikuwa wanapita wakiipiga picha kwa simu zao. Nilisimama mbele yake kwa muda, na mama mmoja mzee, shemeji ya Maman Odette aliyefika juzi kutoka Lubumbashi, akaja akasimama kando yangu, akaegemea mkongojo wake.

"Bananiambia weye njo Tanzanie," akasema. "Ule wa mbio. Hapa uko wapi?"

Nikamwonyesha yule mrefu wa katikati.